Day of the Tentacle, Machinarium au Night in the Woods? Natafuta yenye vigemu vizuri vya kizamani ndani

Mwana_Kibokoni
Masalkheri wadau. Mwisho wa mwezi inshallah nanunua gemu moja ya hadithi na mafumbo, moja tu. Nimechujachuja nikabaki na tatu: Day of the Tentacle (ile iliyosafishwa upya 2016), Machinarium na Night in the Woods. Zote nasikia zina vigemu vya kizamani ndani, na hicho ndicho ninachokitafuta. Uko katikati ya kisa, unakuta kompyuta au mashine, unaiwasha, zinatoka picha za vidoa vikubwa na milio ile ya enzi zile, unacheza kidogo, unarudi kwenye hadithi. Aliyezicheza anieleze. Ipi ina vigemu bora?

Fundi_Waya
Unachezea kwenye nini? Simu, laptopu, PS4? Hukusema. Una kiasi gani? Una pedi ya kuchezea au kibodi tupu? Na ni wewe peke yako au kuna mwengine? Usipojibu hayo kila mtu hapa atakutajia gemu aipendayo yeye, tutafika kurasa kumi na wewe bado hujanunua.

BintiTudor
Night in the Woods. Mae ni msichana aliyeacha chuo akarudi kwao, mji mdogo wa migodi uliokwisha kufa, na usiku akifungua laptopu yake kuna gemu inaitwa Demontower. Kapaka keupe na upanga wake, kanapanda mnara ghorofa baada ya ghorofa, kila ghorofa na bosi wake. Hakuna anayekulazimisha kuicheza. Unaweza kumaliza hadithi yote hujaigusa. Lakini ukiigusa unaona mbona ina giza lilelile lililo nje ya dirisha la Mae. Kwangu kigemu kikiwa ndani ya hadithi lazima kiseme jambo ambalo hadithi yenyewe haijalisema bado, na Demontower inasema.

MzeeKaseti
Wanangu, mmezaliwa juzi. Mambo haya yalianza kitambo. Space Quest III ya 1989: unaingia mkahawa wa Monolith Burger, huko angani, na pale ndani kuna mashine ya Astro Chicken. Unamwongoza kuku aporomokaye kutoka juu mpaka atue salama. Ndiyo hivyo tu, na mimi nshaikalia mashine hiyo mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi. Hizo zako tatu ni wajukuu wa gemu hiyo. Anza na bibi yao.

Mwana_Kibokoni
@Fundi_Waya laptopu. Si mpya, ina RAM ya GB 4, haina kadi ya picha ya peke yake. Nina kama elfu mbili, nitalipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.
@MzeeKaseti shikamoo mzee wetu. Space Quest nimeisikia, ila nataka kitu ambacho hakitanitoa jasho kukiwasha.

MzeeKaseti
Marahaba. Hakuna jasho. Kuna programu ya bure inaitwa ScummVM, inaendesha gemu za zamani za kampuni ya Sierra, wenye Space Quest, na za LucasArts, wenye Day of the Tentacle, hata kwenye simu. Tangu 2001 iko.

Nahodha_Pikseli
Mtu anauliza vigemu vya kizamani ndani ya hadithi na hakuna aliyetaja Shenmue? 1999, kwenye Dreamcast, mashine ya Sega. Na tangu 2018 ya kwanza na ya pili zinauzwa pamoja kwa PS4, Xbox One na kompyuta. Ryo, kijana unayemwongoza, anazunguka mtaa wa Dobuita, Yokosuka, Japani, akimsaka aliyemuua babake. Njiani kuna ukumbi wa gemu. Anatia yeni 100, anaketi kwenye Hang-On, ya mbio za pikipiki, au Space Harrier, ya kupaa na kupiga risasi. Na hizo si za kuigiza, ni zenyewe za 1985. Yu Suzuki aliyezitengeneza ndiye huyohuyo aliyeongoza Shenmue. Halafu kuna hili ambalo watu hawalitaji: pesa za Ryo ni za posho, anaachiwa nyumbani yeni 500 kwa siku. Kila mchezo unahisi umetoa kitu mfukoni. Hapo ndipo kigemu kinapokuwa na uzito.

BintiTudor
Ryo babake ameuawa, naye anaendesha pikipiki ya sarafu. Mimi hapo ndipo hadithi iliponikatika.

Nahodha_Pikseli
Dada, mtu mwenye msiba hali? Halali? Hakai barazani na wenziwe? Kijana wa miaka 18 hajui aanzie wapi kumtafuta muuaji, anapita ukumbini. Ni ubinadamu huo. Gemu nyingi zinamfanya mhusika akimbie na msiba wake saa zote kama kwamba hana mwili.

Fundi_Waya
Sawa, lakini laptopu ameshaitaja. Shenmue ni ya 3D, mtaa mzima na watu wake, na hiyo mashine yake haina kadi ya picha. Zile tatu alizozileta ni za picha bapa, na Machinarium ndiyo nyepesi kushinda zote. Tumsaidie aliyeuliza.

Salma_Likoni
Kabla hujanunua chochote hakikisha kigemu hicho ni cha hiari. Nawaeleza yaliyonifika, mtanisamehe kwa urefu.

Kaka yangu alirudi na mashine ya Nintendo 64 (N64) pamoja na Donkey Kong 64, gemu ya 1999. Ni kubwa, ya kuzungukazunguka misitu na mapango, nami nilikuwa naipenda kwa moyo wote. Sasa ndani yake mna kiwanda, na kiwandani mna mashine ya Donkey Kong yenyewe, ile ya 1981 ya mapipa na ngazi. Kuishinda mara moja haitoshi. Unaishinda, kisha unarudia kwa ugumu wa zaidi ndipo upewe sarafu ya Nintendo. Halafu kuna Jetpac ya 1983, nayo unatafuta alama 5,000 upate sarafu ya pili. Bila sarafu zote mbili huipati funguo ya mwisho. Huimalizi gemu, basi.

Nyumbani tulikuwa na TV bapa, na N64 haina waya wa kuingia humo. Nikaenda mjini nikanunua adapta kwenye duka moja, jamaa akaniapia picha itatoka safi. Ikatoka safi kweli. Nikazunguka misituni wiki nzima sikuona tatizo lolote. Nilipofika kwenye ile mashine ndipo mambo yakaharibika. Pipa linakuja, nabonyeza kuruka, pipa lishampita Mario miguuni, ndipo Mario anaruka. Anaruka mahali hapana kitu. Nikajaribu kubonyeza mapema kabla pipa halijafika. Ngazi ya kwanza ikakubali, ya pili mapipa yanakuja mawili kwa pamoja, huwezi kukisia. Nikarudi dukani. Mwenye duka hakutaka hata kuishika ile adapta mkononi, akasema kaseti imezeeka, ninunue gemu nyengine, na wakati huohuo akanionyesha anazoziuza yeye. Pesa hakurudisha.

Jirani yetu alikuwa na TV ya zamani, ile nene yenye kichogo, imefunikwa kitambaa haitumiki. Nikaiomba. Tuliichomeka jioni ile, nikabonyeza, Mario akaruka palepale. Usiku huohuo nikapata sarafu. Kwa hiyo siku zote zile mkono wangu haukuwa na kasoro. Lakini ingekuwa mashine ile ni ya hiari, ningemaliza hadithi yangu nikalala, mambo ya adapta nikayashughulikia siku nyengine.

Fundi_Waya
Hapo Salma umegusa penyewe, na ndiyo maana niliuliza vifaa tangu mwanzo. TV mpya inaipokea picha, inaikuza, inaisafisha, ndipo inaionyesha. Adapta ya bei rahisi nayo inachukua muda wake. Ukiongeza pedi isiyo na waya umeongeza tena. Kwenye gemu ya mafumbo hutambui kabisa, kwa sababu unaokota kamba, unaitumia kwenye ndoo, robo sekunde ikichelewa haikuhusu. Kisha ghafla inakuja gemu ya kuruka mapipa, ambayo iliundwa kwa mashine isiyo na uchelewaji wowote, na mchezaji yuleyule anadhani ameshindwa. TV nyingi zina hali ya gemu kwenye mipangilio, iwasheni. Inapunguza usafishaji huo.

Na gemu za kompyuta za zamani zina ugonjwa wao wa pili: nyingi kasi yake ilifuata kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Ukiiwasha kwenye kompyuta mpya bila programu ya kuituliza, mafumbo yanakwenda sawa, lakini pale pa kukwepa kitu kinakupita hujakiona. ScummVM aliyoitaja Mzee inasaidia sana hapo.

Nahodha_Pikseli
Pole Salma. Lakini Donkey Kong 64 si gemu ya hadithi na mafumbo. Ni ya kuruka. Mtu akinunua gemu ya kuruka akakuta pa kuruka, hajaonewa.

Salma_Likoni
Kuruka kwa 3D ukiwa na maisha tele na kuruka kwa 1981 ni vitu viwili. Ile ilikuwa imeundwa imle mtu sarafu.

BintiTudor
Na Shenmue unayoisifu watu wanapigana ndani. Mbona unaiita ya hadithi?

Nahodha_Pikseli
Kwa sababu asilimia kubwa unauliza watu maswali, unafungua madroo, unangoja saa zifike. Kupigana ni mara mojamoja.

MzeeKaseti
Zamani hatukugawa hivyo. Full Throttle ya 1995 ni mafumbo, na katikati unapigana juu ya pikipiki zikiwa mbioni, lazima ujue silaha ipi inamweza nani. Sam & Max ya 1993 ina kupiga panya kwa nyundo. Space Quest ya kwanza, 1986, ina mashine ya kamari ndani ya baa, na yakija mafuvu matatu unakufa. Unakufa kwa kucheza kamari! Ulikuwa ukihifadhi kila ukishinda, ukipoteza unarudi nyuma. Tulivumilia.

Fundi_Waya
Mzee wetu kwa heshima, kuvumilia si kupenda. Kuhifadhi, kuvuta mashine, kurudi nyuma, kuvuta tena: hapo mtu hachezi, anafanya kibarua. Kigemu kikikufanya uhifadhi kila baada ya dakika, kimeshindwa kazi yake.

MzeeKaseti
Mwanangu, moyo unadunda au haudundi lile gurudumu la tatu likizunguka? Hilo ndilo swali langu. Gemu za siku hizi hakuna unachokipoteza.

Salma_Likoni
Uncharted 4 ya 2016 ililiweza jambo hili. Nate, mhusika mkuu, yuko nyumbani na mkewe, sebuleni, mke anamtaka wacheze PlayStation ya zamani, na wewe unaicheza Crash Bandicoot mwenyewe, lile jiwe linakufukuza. Ukishindwa hakuna kinachoharibika, wanaongea, hadithi inaendelea. Na bado unataka kushinda kwa sababu mke anakutazama. Moyo unadunda na njia haijafungwa.

Mwana_Kibokoni
Shukrani nyote, nasoma kila kitu. Pedi sina, kibodi tu. Na jambo jengine, sitacheza peke yangu. Nitacheza na mpwa wangu, wa dadangu mkubwa, ana miaka tisa, anakuja kwetu likizo. Kiingereza anasoma polepole.

Fundi_Waya
Hilo ndilo la kwanza ungelisema!!

BintiTudor
Basi Night in the Woods mtoeni mtoto. Namtetea Mae mpaka kesho, lakini ni maneno mwanzo mpaka mwisho, na yaliyomo ni ya watu wazima: huzuni ya kichwani, vifo, ulevi. Inunue yako uicheze mtoto akilala. Demontower kwa kibodi inawezekana, ila vidole vitauma.

Fundi_Waya
Na Day of the Tentacle karibu mafumbo yote yanasimama juu ya mazungumzo na mizaha ya Kiingereza na historia ya Marekani. George Washington yumo ndani. Mtoto wa miaka tisa wa Kibokoni utamtafsiria usiku kucha.

Machinarium haina maneno. Ni maelekezo machache tu ya mwanzoni. Roboti anaota mawazo yake kwa vikatuni ndani ya kiputo juu ya kichwa. Imetengenezwa na Amanita Design, Czech, 2009. Mtoto na mjomba wanakaa sawa mbele yake. Kwa kigemu: kila skrini ina kitabu cha majibu, kimefungwa, na kukifungua unacheza kigemu cha kizamani, unaendesha ufunguo unaopaa ukiwapiga buibui mpaka ufike kwenye kufuli. Ukifika unaona suluhisho lote limechorwa kwa penseli.

Nahodha_Pikseli
Kigemu hicho nakikataa. Ni adhabu. Mtu amekwama, anaomba msaada, unampa buibui. Na kila skrini mpya unarudia kilekile.

Salma_Likoni
Hapana, mimi nakipenda kwa sababu hiyohiyo. Ni kirahisi, mtoto anakiweza, lakini kinachosha kiasi cha kukufanya useme hebu nifikirie tena mwenyewe kwanza. Na kuna balbu ya kidokezo kidogo kabla ya kitabu, hiyo haina buibui. Wale watengenezaji walijua majibu yanapatikana kila mahali, wakatafuta njia ya kukupunguzia haraka bila kukufungia mlango. Hicho ni kigemu kilichopewa kazi ndani ya gemu. Astro Chicken ina kazi gani?

MzeeKaseti
Astro Chicken inapumzisha roho. Kazi tosha.
Na mwambieni ukweli, Machinarium mna ule mchezo wa kupanga tano mfululizo na roboti mle baa. Huo si wa hiari. Yule roboti hana huruma.

Salma_Likoni
Ule sawa, nakubali ni mgumu. Lakini haukimbizi mtu. Unatazama ubao unavyotaka. Mtoto wa bao atauweza.

Nahodha_Pikseli
Turudi Day of the Tentacle, naona mnaitupa haraka. Chumbani kwa Ed, mmoja wa wahusika, mna kompyuta. Ukiitumia inafunguka Maniac Mansion, gemu nzima ya 1987, mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwamo tangu 1993 na kwenye hii iliyosafishwa imo. Unanunua moja unapata mbili. Nani mwengine hapa anatoa hivyo? Na kuna kitufe kinakugeuzia picha mpya kuwa za zamani na kurudi, papo hapo.

Fundi_Waya
Gemu nzima si kigemu. Aliuliza cha kucheza kidogo kisha arudi kwenye hadithi. Maniac Mansion itamshika mwezi, na humo unaweza kumpoteza mhusika au ukajifungia njia bila kujua.

BintiTudor
Lakini ile ni nzuri Fundi, we. Mle ndani ya Maniac Mansion nako mna chumba cha mashine za gemu. Moja inaitwa Meteor Mess, na alama ya juu ya mashine ile ndiyo nambari ya kufungulia mlango wa maabara. Kwa hiyo uko kwenye gemu, ndani yake kompyuta yenye gemu, ndani yake mashine yenye gemu, na ile ya mwisho kabisa ndiyo iliyoficha siri. Na hutakiwi kuwa na mkono mwepesi, unatakiwa kuwa na jicho. Wangeweza kukulazimisha uishinde na hawakufanya hivyo. 1987!

MzeeKaseti
Sasa mnaongea. Hiyo ndiyo akili ya zamani.

Kaka_Mtwapa
Samahani naingilia, mimi si mtu wa gemu za kusoma sana. Huyo mtoto wa miaka tisa mnunulie pedi kwanza. Ya waya, zile za USB. Elfu mbili inatosha pedi na gemu moja ya bei ya chini ikishuka. Watoto hawa kwenye banda la PS wamezoea pedi, kibodi ataikataa.

Fundi_Waya
Machinarium ni ya puku, yaani kipanya cha kompyuta. Pedi haina haja.

Kaka_Mtwapa
Leo puku, kesho atataka FIFA.

Mwana_Kibokoni
Hilo la FIFA ni kweli 😅 ameshaanza kuuliza. Naona Machinarium inaongoza kwa sababu ya lugha, lakini maneno ya BintiTudor kuhusu Meteor Mess yamenivuta tena kwa ile nyengine. Nitangoja nione bei mwisho wa mwezi. Mzee, kwenye simu hiyo ScummVM inakubali Maniac Mansion?

MzeeKaseti
Inakubali, ukiwa na mafaili yake. Vidole juu ya kioo vitakusumbua kidogo, lakini inakubali. Mimi nacheza hivyo nikingoja feri, na nakuta nimeshavuka bado niko palepale kwenye mlango wa maabara.

BintiTudor
Mzee kwani wewe hukai kisiwani?

MzeeKaseti
Nimehamia Mtongwe. Kelele za mjini zimenishinda.

Nahodha_Pikseli
@Salma_Likoni ile TV ya kichogo ya jirani bado ipo? Nina Dreamcast nyumbani, Space Harrier kwenye TV bapa hainipi raha, na hali ya gemu nimeshaiwasha. Nitakuja na gari mwenyewe nivuke nayo.

Salma_Likoni
Ipo, lakini mwenyewe ameanza kuipenda tena. Jioni anatazamia taarabu za kanda. Nitamuuliza.

Kaka_Mtwapa
Mimi ninayo moja, inchi 21, rangi zimefifia upande mmoja juu. Ukiitaka njoo uione kwanza.

Nahodha_Pikseli
Upande upi, kulia au kushoto? Alama kwenye Space Harrier ziko juu.